Karabai: shajara ya mchezo wa usiku kwenye kompyuta ya 48K

12 Januari

Mjomba alirudi kutoka masomoni Uingereza katikati ya miaka ya 1980 na suti mbili, vitabu vya uhandisi na kompyuta nyeusi yenye vitufe vya mpira. Suti zilivaliwa zikachakaa. Vitabu mchwa walivimaliza. Kompyuta ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda huko Nyalenda, imeviringishwa kwa kanga, hadi jana aliponiita.

"Wewe si fundi wa simu? Basi chukua na hii. Tofauti yake ni kwamba haina mtu wa kumpigia."

Ni ZX Spectrum ya kilobaiti 48, ile ambayo kampuni ya Sinclair ilianza kuiuza Aprili 1982. Ndani mna kichakataji cha Z80A kinachokwenda megahezi 3.5, na skrini yake ni pikseli 256 kwa 192. Sitailinganisha na simu. Kila anayeiona hapa kibandani Kondele hufanya hivyo, anacheka, kisha anaenda zake.

Kabla ya kuiwasha nilifanya jambo moja la maana: nilipima adapta. Karibu adapta zote nilizo nazo kwenye droo zina chanya katikati ya pini, na kompyuta hii inataka volti 9 zenye hasi katikati. Ukichomeka ya kawaida unaiua. Nikageuza nyaya za adapta moja, nikapima mara tatu, nikaiunganisha na runinga ya kichogo ya mama, ambayo tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka wa 2015 imekuwa ni ya kuwekea maua. Nikatafuta chaneli 36 ya UHF. Chenga zikatulia, na badala ya maandishi ya kukaribisha ikaja michirizi skrini nzima, kama kikoi.

Nikagusa chipu za kumbukumbu moja baada ya nyingine, zile nane za 4116. Saba zilikuwa vuguvugu. Ya nane ikanichoma kidole. Nimeagiza nyingine, zitachukua wiki kadhaa kufika Kisumu. Mpaka zifike nitaandika mchezo kwenye laptopu, nikitumia programu inayoigiza Spectrum. Si kucheza michezo ya zamani ya watu. Nataka uwe mpya, na uwe wa hapa.

14 Januari

Mpwa wangu wa darasa la sita anataka mashindano ya matatu. Nilimweleza kwa nini sitaki, na hapo ndipo mchezo wenyewe ulipozaliwa, kwa hivyo niandike vizuri.

Skrini ya Spectrum iko sehemu mbili kwenye kumbukumbu. Pikseli zinachukua baiti 6,144 kuanzia anwani 16384. Rangi zinafuata kuanzia 22528, na hizo ni baiti 768 tu: baiti moja kwa kila kisanduku cha pikseli 8 kwa 8, visanduku 32 kwa upana na 24 kwa urefu. Kila kisanduku kina rangi mbili, ya wino na ya karatasi. Hakuna ya tatu. Matatu jekundu likipita mbele ya mti wa kijani, ama matatu linageuka kijani ama mti unageuka mwekundu. Waandishi wa michezo ya miaka ile walihangaika sana na jambo hili. Wengi waliishia kuchora kila kitu kwa rangi moja ili wapate amani.

"Sasa mchezo gani hauna rangi?" mpwa akauliza.

Usiku. Ukisimama ufuoni Dunga, hapa Kisumu, usiku mwezi haupo, huoni ziwa. Unaona taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, tu, na chini ya kila taa kipande kidogo cha maji. Hicho kipande ndicho Spectrum inachokiweza. Unachora ziwa zima, mawimbi, mawe, magugu, halafu unajaza 0 kwenye baiti zote 768: wino mweusi juu ya karatasi nyeusi. Vyote vipo, havionekani. Taa ikipita hugusi pikseli hata moja, unabadilisha rangi za visanduku vichache. Katikati ya mwanga naweka 78, yaani 64 ya mng'ao, 8 ya karatasi ya buluu na 6 ya wino wa njano. Pembeni naweka 13, samawati juu ya buluu. Ukingoni naweka 1, buluu juu ya nyeusi.

Jina nimeshapata: Karabai. Siku hizi ziwani kuna taa za betri na za sola, lakini "Taa ya sola" si jina la mchezo.

19 Januari

Mtumbwi unaelea. Una upana wa pikseli 24 na urefu wa 12, nikihifadhi nakala nne zilizosogezwa pikseli mbili mbili, ili mashine isihangaike kusogeza biti wakati wa mchezo. Pamoja na barakoa zake, yaani maumbo yanayokata nafasi ya mtumbwi kwenye mandhari, ni baiti 384. Nimeona ni bei nzuri.

Siku mbili zilipotea kwa sababu ya mpangilio wa skrini. Kushuka mstari mmoja wa pikseli ndani ya kisanduku ni rahisi: anwani hushikwa na rejista mbili ndogo za kichakataji, H na L, na unaongeza moja kwenye H, basi. Ukivuka kisanduku lazima urekebishe L, na ukivuka theluthi ya skrini hesabu inabadilika tena, kwa sababu skrini imegawanywa vipande vitatu vya mistari 64. Mimi nilisahau theluthi. Mtumbwi ukifika katikati ya ziwa ulikatika viuno, nusu ya chini ikaelea peke yake mbali na mwenyewe. Mpwa alisema niuache hivyo.

22 Januari

Hitilafu ya leo naipenda, kwa hivyo nitairefusha.

Taa inazunguka vizuri. Duara lake ni visanduku 5 kwa 5, pembe nne zikiwa zimekatwa, jumla 21. Inaposogea, nafuta 21 vya zamani kwa kuandika 0, kisha nawasha 21 vipya. Nilicheza kama robo saa, nikienda juu, kushoto, kulia, nikifurahia. Baadaye nikashuka hadi chini kabisa ya skrini, na pale taa ilipoangaza nikakuta mawimbi yamekatwa. Mistari miwili myembamba, kana kwamba mtu amepitisha wembe. Si kila mahali. Baadhi ya sehemu zilikuwa nzima.

Nilitafuta kosa kwenye msimbo unaochora chini. Hakukuwa na kosa. Nilikunywa chai, nikatafuta tena. Kosa lilikuwa juu.

Rangi zinaanza anwani 22528. Kinachotangulia hapo, 22527 na kurudi nyuma, ni pikseli za mstari wa mwisho kabisa wa skrini. Taa ilipokuwa safu ya kwanza ya juu, nusu ya duara lake ilitoka nje, ikaandika kwenye "safu" zisizokuwepo, na safu hizo kumbe ni pikseli za chini, mstari wa 191 na wa 183. Wakati wa kuwasha iliandika uchafu pale. Wakati wa kufuta iliandika 0, ikafuta uchafu pamoja na mawimbi yangu. Na kwa kuwa chini kulikuwa giza, sikuona chochote mpaka nilipopeleka taa. Mchezo wenyewe ulinificha kosa.

Kwa mujibu wa vitabu nilipaswa kukagua kila kisanduku kama kiko ndani ya skrini. Hiyo inakula muda kila mara taa inaposogea. Badala yake nimejenga ufuo: visanduku viwili vya nchi kavu pande zote, mtumbwi haupandi nchi kavu, kwa hivyo taa haitoki nje kamwe. Ziwa limepungua kidogo lakini sasa lina mwambao.

30 Januari

Nimeongeza wavuvi watatu wanaoshindana na mchezaji, kila mmoja na taa yake, wote wakikimbiza makundi ya omena. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Taa mbili zikipishana, inayoondoka inafuta mwanga wa inayobaki. Duara linakuwa na shimo kama chapati iliyoliwa na panya.

Nikaamua kuchora ramani nzima ya mwanga kwenye kumbukumbu ya juu, kisha kuinakili yote kwenye skrini kila fremu. Kuna amri ya Z80 inayonakili kwa mkupuo, LDIR, lakini inatoza midundo 21 ya saa ya kichakataji kwa kila baiti. Zidisha kwa 768, unapita midundo 16,000. Fremu moja, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ina midundo 69,888 pekee, na ndani yake lazima pia usogeze mitumbwi, samaki, magugu, na usome vitufe.

Njia ya kupima ni ya kienyeji na inafanya kazi. Mwanzo wa fremu unabadilisha rangi ya fremu ya nje, yaani pambizo linaloizunguka picha, iwe nyekundu, kazi ikiisha unairudisha nyeusi. Urefu wa ukanda mwekundu ndio muda uliotumika; kila mstari ni midundo 224. Kunakili ramani peke yake kulinipa mistari 72. Juu ya picha kuna mistari 64 tu ya kujificha kabla skrini haijaanza kuchorwa. Ukijumlisha kazi nyingine, ukanda ulishuka ukapita nusu ya runinga.

Mchezo ulikuwa mzito na, niseme ukweli, haukuwa mtamu. Nilikuwa nazungukazunguka gizani nikifukuza nukta.

8 Februari

Nilipanda boda hadi Dunga na laptopu begani. Aprili ikiingia uvuvi wa omena hufungwa hadi mwisho wa Julai, nikaona heri niwapate wavuvi wakiwa bado wanafanya kazi. Chini ya mti alikuwako mzee anashona wavu. Nikamsalimu, nikamwomba anitazamie kitu. Akaweka shazia kando.

"Hiyo ni sinema?"

"Ni mchezo, mzee. Huyu ni mvuvi wa omena."

Akatazama kwa muda mrefu, uso karibu na kioo, mkono ukizuia jua. "Anakimbiza nini?"

"Omena."

Alicheka mpaka mwenzake aliyekuwa anakwangua mtumbwi akaja kuona. "Kijana, wewe umewahi kwenda ziwani usiku?"

"Hapana, mzee."

"Naona. Omena hakimbizwi. Utamkimbiza hadi wapi, na ziwa lote ni lake? Taa unaiweka juu ya maji, kwenye chelezo chake, unaiacha. Unaenda kando, unatulia. Wadudu wanakuja kwa taa. Omena anakuja kwa wadudu. Wewe unakuja mwisho."

Nikamuuliza mwezi ukiwa mkubwa inakuwaje. "Tunalala. Mwanga ukiwa kila mahali, taa yako ni ya nini?" Akauliza pia mbona kwangu magugu maji yamesimama tu kama yamepandwa. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka, na magugu yanaufuata. Ukiacha taa njia ya magugu, utaitafuta.

Niliporudi kwenye boda nilikuwa nimeshafuta nusu ya mchezo kichwani.

9 Februari

Nimefuta. Wapinzani watatu wameondoka, kukimbizana kumeondoka. Sasa mtumbwi hauna taa kubwa. Una kisanduku kimoja chenye mwanga hafifu, cha kukuonyesha uko wapi. Unabeba karabai nne. Unaziacha juu ya maji unapotaka, unajiondoa, unasubiri. Omena wanajikusanya polepole chini ya kila taa. Ukirudi mapema unapata wachache, ukichelewa mafuta yanaisha, taa inazimika, wanatawanyika.

Halafu nikawasha ule ukanda mwekundu kuona gharama. Taa iliyosimama haihitaji kuchorwa upya! Kila fremu inagharimu sifuri. Nalipa siku naiweka na siku naiondoa, visanduku 21, basi. Ukanda ulipanda kutoka chini ya nusu ya runinga hadi mistari michache juu. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili kuharakisha kitu ambacho mzee wa Dunga angeniambia nisikifanye.

16 Februari

Taa kupishana kumetatuliwa pia. Nina daftari la mwanga, baiti 768 kwenye kumbukumbu ya juu, kila baiti inahesabu ni taa ngapi zinaangaza kisanduku hicho. Ukiweka taa unaongeza moja, ukiitoa unapunguza moja, na ikifika sifuri ndipo kinarudi giza.

Magugu yanasogea kisanduku kizima kwa wakati mmoja, kila baada ya sekunde mbili hivi. Nyuma ya mtumbwi huyaoni. Unayaona tu yakiingia kwenye duara la taa yako, na hapo umechelewa.

22 Februari

Chipu zimefika. Nimetoa ile ya moto, nikaweka soketi, nikachomeka mpya. Runinga ya mama ikaandika 1982 na jina la Sinclair chini ya skrini. Mjomba nilimpigia simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado inanukia vile vile. Inanukia kanga.

Furaha haikufika jioni. Vitufe vitano vya kulia safu ya pili kutoka juu, Y mpaka P, vimekufa vyote. Vitano vya pamoja maana yake si vitufe, ni njia moja ya waya: kibodi husomwa kwa nusu mistari, na hii yote hupita anwani 57342. Utepe wa plastiki unaounganisha kibodi na ubao umekauka na kupasuka kwenye ncha, kama kawaida yake. Nilikata milimita mbili za ncha kwa mkasi mkali nikaurudisha. Umebaki utepe mfupi sana; aliye na mkono mzito asiufungue tena.

24 Februari

Kupakia. Spectrum inasoma programu kwa sauti ya kaseti, na mimi kaseti sina, lakini simu ni kaseti. Waya wa spika kutoka simu hadi tundu la EAR, sauti juu kabisa, unacheza faili. Mistari ya nyekundu na samawati ikatambaa pembeni ya skrini, kisha buluu na njano, na picha ya mwanzo ikajichora theluthi kwa theluthi. Picha peke yake ni baiti 6,912 na huchukua kama sekunde 40. Mchezo mzima ni kama dakika tatu.

Dakika ya pili mteja alinitumia shilingi 200 za kioo. Simu ikalia mlio wa ujumbe, mlio ukaingia kwenye waya, na kompyuta ikaandika *R Tape loading error*. Mara ya pili niliweka simu hali ya ndege, ikapakia yote, nikabonyeza kitufe, stima ikapotea Kondele nzima. Mara ya tatu ilikuwa saa nne usiku.

Ikawaka. Na taa zangu hazikuwa na ukingo. Kwenye laptopu, ile 1, buluu juu ya nyeusi, ilikuwa kivuli kizuri kinachofifia. Kwenye runinga ya kichogo, buluu ya Spectrum isiyo na mng'ao ni nyeusi tu yenye jina jingine. Duara likaonekana limekatwa kwa kikombe. Nimebadilisha kuwa 65, buluu ile ile pamoja na mng'ao. Sasa inafifia. Tangu leo sikubali rangi yoyote kabla haijapita kwa runinga ya mama.

9 Machi

Mwezi umeingia. Kila usiku wa mchezo ni usiku mmoja wa mwezi. Usiku wa giza, baiti ya msingi ni 0. Mwezi ukikua inakuwa 1, na mwezi mpevu inakuwa 65 ziwa zima: unaona magugu yote, mawe yote, unaenda utakako, na omena hawaji. Wanaokuja ni wa kuhesabu.

Hapa nilipata zawadi ambayo sikuipanga. Ukingo wa taa nao ni 65. Kwa hiyo mwezi mpevu unaumeza. Karabai yako inaonekana imepungua duara zima. Hakuna msimbo wowote unaofanya hivyo. Ni namba mbili zilizotokea kuwa sawa.

15 Machi

Sauti. Spectrum ya 48K ina spika ndogo ndani na biti moja ya kuisukuma, biti 4 ya tundu 254, namba ambayo kichakataji hupitishia ishara za nje. Hakuna chipu ya muziki, kichakataji ndicho kinachopiga, na kikipiga hakifanyi kingine. Kwa hivyo muziki hakuna. Kuna kasia: mibofyo mitatu ya haraka kila mtumbwi ukisogea, na chura wa mbali wakati huna unalofanya. Toleo la kwanza la chura liliwasha fremu ya nje rangi zote za Sinclair, kwa sababu biti tatu za chini za tundu hilo hilo ndizo rangi ya fremu, nami nilikuwa namwaga namba ovyo. Sasa ni 16 na 0 tu. Giza limerudi.

23 Machi

Mzee wa Dunga alikuja mjini kubadilishiwa kioo cha simu. Sikumwalika, aliulizia "yule kijana wa sinema" hadi akafikishwa. Wakati gundi inakauka nikampakilia mchezo. Alisubiri dakika tatu za mlio bila kulalamika, jambo ambalo mpwa wangu hajawahi kuliweza.

Nilimwonyesha vitufe: Q juu, A chini, O kushoto, P kulia, nafasi kuweka taa. Akasogeza mtumbwi kwa kidole kimoja, polepole, akauliza upepo unatoka wapi. Nikamwonyesha. Akaweka taa ya kwanza karibu na mawe, ya pili mbali kidogo, ya tatu na ya nne akazificha nyuma ya kisiwa cha ufuo ambapo magugu hayapiti. Mimi niliyeandika huo mchezo sikuwahi kuweka taa pale. Kisha akatoa mkono kwenye kibodi, akakunja mikono, akakaa.

Mpwa alikuwa anaruka nyuma yake. "Babu, bonyeza! Bonyeza kitu!"

"Nibonyeze nini? Wanakuja."

Chura alilia. Nukta zilijikusanya. Mafuta yalipokaribia kuisha akaenda taa moja moja, akavuta zote nne, ya mwisho ikiwa inapepesa. Skrini ikaandika ALAMA 2400, zaidi ya mara mbili ya tulichowahi kupata sisi wawili.

"Hiyo ni nini?"

"Ni alama zako, mzee. Elfu mbili na mia nne."

"Ni gorogoro ngapi?"

Gorogoro ni mkebe wa kupimia. Sikuwa na jibu. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mchuuzi anayeuza bila kipimo. Usiku huu nimeondoa neno ALAMA nikaweka GOROGORO, herufi tatu zaidi, na kipande cha msimbo kinachotoa 240 tena na tena hadi zisitoke, kwa kuwa Z80 haina amri ya kugawanya. Mzee alivua gorogoro kumi.

Alipokuwa anachukua simu yake alisimama mlangoni. "Na wanaoiba taa?"

"Hao sijawaweka, mzee."

"Weka."

Nimekaa na karatasi tangu saa tatu nikipiga hesabu ya baiti: picha ya mtumbwi wa pili, nakala nne, barakoa, njia yake ya kusogea. Halafu nimeziba kalamu. Mwizi hana taa. Atakuja gizani, karabai moja itazimika kabla ya wakati wake, ataondoka, na sihitaji kumchora hata pikseli moja. Isipokuwa usiku wa mwezi mpevu; hapo itabidi aonekane.